Dodoso linauliza "mafunzo haya yananiandaa kwa ajira?" Swali la 14 nimeliacha wazi. Nyie mngejaza nini?

Nyutro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Niko mwaka wa mwisho chuo cha ufundi, fani ya umeme wa majumbani. Juzi tumegawiwa dodoso, karatasi nne mbele na nyuma, la kukusanya maoni ya wanafunzi kuhusu elimu ya ufundi na ajira. Unaweka vema kwenye kisanduku kimoja kati ya vitano: sikubaliani kabisa, sikubaliani, sina uhakika, nakubali, nakubali sana. (Mkufunzi wetu anasema mtindo huu wa visanduku ni wa zamani, uliletwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Karibu karne nzima watu wanaweka vema.)

Maswali kumi na tatu ya mwanzo niliyamaliza haraka. Karakana ina vifaa vya kutosha? Sikubaliani. Wakufunzi wanaijua kazi? Nakubali. Fani hii niliichagua kwa hiari yangu? Hapo nilicheka kidogo, nikaweka "sina uhakika", maana hiari yangu na hiari ya baba zilikuwa zimekaa kiti kimoja.

Swali la 14: "Mafunzo ninayopata yananiandaa vizuri kwa ajira." Kalamu ikagoma.

Mwaka wa kwanza ningeweka "nakubali sana" na kuongeza alama ya mshangao. Tulikuwa tunafunga saketi kwenye ubao: swichi moja taa moja, swichi mbili taa ya ngazini, soketi. Ukibonyeza taa ikawaka, unajiona fundi kamili.

Halafu nikaenda mafunzo kazini, wiki nane. Jina la kampuni naliacha. Wiki ya kwanza nilibeba ngazi. Ya pili nilibeba ngazi na kufagia vumbi la tindo. Ya tatu nikapandishwa cheo, nikawa nashika tochi. Mngeniletea dodoso wiki ile ningetoboa karatasi kwenye "sikubaliani kabisa". Ule ubao wa chuo haukuwa na ukuta. Kule waya unapita ndani ya bomba lililozikwa kwenye plasta na mtu nisiyemjua, miaka mingi nyuma, na rangi alizichagua kwa alichokuwa nacho mfukoni. Waya wa kijani na njano, ambao tumekariri kuwa ni ethi (waya wa usalama), nimeukuta umetumika kama laivu (waya wenye umeme) ya taa.

Wiki ya saba fundi mmoja mtu mzima, wa maneno machache, akaniambia nibadilishe soketi. Nikazima breka, nikachukua testa, nikagusa, kimya. Nikachukua bisibisi. Akanishika mkono.

"Umejuaje hakuna umeme?"

"Testa haijawaka."

"Na testa umejuaje ni nzima?"

Akanipeleka kwenye soketi nyingine ambayo tunajua ina umeme. Nikapima, ikawaka. Tukarudi kwenye ile yangu, nikapima laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Kimya. Akanirudisha tena kwenye ile yenye umeme. Ikawaka. "Sasa shika."

Wakuu, hatua hizo tatu zimo kwenye daftari langu la mwaka wa kwanza, nimezipigia mstari kwa wino mwekundu. Mtihani zilikuja nikapata zote. Lakini siku ile ndipo nilipoelewa kwamba hatua ya tatu ipo kwa sababu testa inaweza kufa katikati, wewe ukiwa umeshaiamini.

Sasa nijaze nini? Chuo kilinifundisha, kazini ndiko nilikoamini. Na wiki nane zilipoisha niliandikiwa barua nzuri ya shukrani isiyo na neno hata moja kuhusu kurudi.

Mnaosoma, mliomaliza, mnaoajiri, leteni majibu.

Kisanduku_Tupu

Uzi mzuri. Naweka kiti hapa, wakubwa wakifika mnishtue.

Cheche

Mimi mchomeleaji. Ningejibu kwa kilo. Kilo za fimbo za kuchomelea ulizounguza kabla ya kupewa cheti, basi.

Chuoni kwetu fimbo ziligawiwa kama dawa, tatu kwa mwanafunzi kwa wiki. Ya kwanza inaisha unatafuta moto. Ya pili inaganda kwenye chuma, ukiivuta inabanduka gamba. Ya tatu ndiyo unaanza kuelewa umbali kati ya ncha na kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, nayo imekwisha. Wiki ijayo mkono umesahau, unaanza upya.

Nadharia tulishiba. Niamshe usiku wa manane nikutajie 7018: sabini ni nguvu ya kuvutwa, paundi elfu sabini kwa inchi ya mraba, moja maana yake inachomelea mikao yote, nane ni aina ya gamba, la haidrojeni kidogo. Nilipata alama za juu. Ila boksi la hizo 7018 lilikuwa wazi kwenye sakafu ya zege mwaka mzima, na oveni ya kuzitunzia niliiona kwenye picha. Gamba lile linanyonya unyevu. Unyevu unaingiza haidrojeni kwenye chuma, na chuma kinaweza kupasuka saa nyingi baada ya wewe kufunga karakana na kwenda zako umeridhika.

Siku ya usaili hakuna aliyetaka kuona cheti. Tulikuwa tisa. Kila mmoja vipande viwili vya bamba, grenda na fimbo. Choma, acha ipoe, wakatukatia vipande vyembamba wakavikunja kwenye mashine mpaka vikawa herufi U. Mwanya ukizidi milimita tatu, asante kwa kuja. Jamaa aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu, kipande chake kilifunguka kama mdomo. Sikucheka, maana najua zile fimbo tatu alizipata kama mimi. Mimi nilipona kwa sababu likizo zote nilikuwa kwa mjomba nachomelea mageti.

Kwa hiyo msitafute maoni. Hilo swali ni la bajeti ya vifaa vinavyokwisha, limejificha nyuma ya neno maoni.

Dada_Plagi

Kaka Cheche kwa fimbo nakuunga mkono mia. Ila vifaa vya zamani msivitukane kwa ujumla, nina ushahidi.

Ufundi magari tulifundishiwa injini ya kabureta iliyokatwa ubavu ili pistoni zionekane. Darasa zima lililalamika. Marekani magari yenye soketi ya skana yalishakuwa sheria tangu matoleo ya 1996, sisi bado tunapuliza jeti za kabureta! Kwenye dodoso letu, sehemu ya "maoni mengine", niliandika neno moja: makumbusho.

Nikaenda gereji yenye skana. Likaja gari linamisi. Kijana wa pale akachomeka, ikasoma P0301, yaani silinda namba moja haichomi. Hapohapo akasema mteja anunue koili zote nne, vile vifaa vinavyoipa plagi umeme wa cheche. Nikaomba nafasi kidogo. Nikatoa koili ya silinda ya kwanza nikaiweka ya tatu, ya tatu nikaileta ya kwanza, nikafuta msimbo tukaacha linguruma. Koili ingekuwa mbovu, lawama ingehama nayo, ingekuja P0303. Ikarudi P0301 ileile. Nikahamisha plagi, ileile. Nikapima mgandamizo: silinda ya kwanza iko chini. Nikadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi nikapima tena. Haikupanda. Ingepanda ningesema ringi za pistoni, maana oili inaziba pengo lake. Haikupanda, nikasema tuangalie valvu. Kichwa kilipofunguliwa, valvu ya moshi imeungua ukingoni, unaiona kwa macho.

Njia yote ile niliitoa kwenye makumbusho. Hewa, mafuta, cheche, mgandamizo. Skana ilinionyesha nyumba, kubisha hodi ilibidi nibishe mwenyewe.

Mimi ningejaza "nakubali". Kisha ningedai swali la 14b: "Wenye kazi wako tayari kukupokea." Maana siku ya kwanza nimefika na ovaroli yangu na barua mkononi, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba wateja wanasubiri upande ule.

DigriiMkononi

Samahani wakuu, nitatukanwa lakini tuambiane ukweli. Ufundi ni pa kwenda waliokosa pa kwenda. Nyutro ungekuwa na alama ungekuwa chuo kikuu saa hii. Wazazi wanajua, walimu wanajua. Hata huyo aliyeandaa hilo dodoso, mtoto wake hayupo karakana. Maswali yote hayo ni ya kufarijiana.

Cheche

Digrii unayo mkononi. Kazi je?

DigriiMkononi

Sina. Ila hilo ni suala lingine.

Cheche

Haya.

Ubao_Mweusi

Msimcheke kijana. Alichosema kimeandikiwa.

Nimefundisha karakana miaka ishirini na kitu. Kila baada ya muda anapita mkubwa, anasimama mbele ya ubao, anawaambia vijana wabadilishe mtazamo kuhusu ufundi, anapigiwa makofi, anapanda gari. Sasa, mwaka 1965 msomi mmoja, Philip Foster, aliyekuwa amewachunguza wanafunzi wa Ghana, aliandika kwamba huwezi kubadilisha matarajio ya vijana kwa kuwabadilishia masomo, kwa sababu matarajio hayazaliwi kwenye mtaala. Yanazaliwa kwenye soko. Mwanafunzi anatazama nani analipwa na nani ana uhakika wa kesho. Akiona ni karani, atafuata njia iendayo ofisini, na hata ukimjengea karakana ya dhahabu ataitumia kama ngazi ya kupandia kwenda ofisini. Foster akaenda mbali zaidi: kwa hesabu ya mwanafunzi, elimu ile ya vitabu ndiyo ilikuwa elimu ya ufundi hasa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimfikisha kwenye kazi nzuri.

Nilipomsoma mara ya kwanza nilikasirika. Ya pili nikaona anawaheshimu wanafunzi kuliko sisi tuliokuwa tunawahubiria. DigriiMkononi hana ugomvi na bisibisi. Ana ugomvi na mshahara wa mwenye bisibisi.

Nyutro, utasikia pia watu wakisema tuige Ujerumani, kule vijana wanapenda ufundi. Kinachotangulia kule ni mkataba. Kijana anatafuta mwajiri kwanza, wanasaini, analipwa posho kila mwezi, na wiki yake inagawanywa: siku tatu au nne kazini, moja au mbili shuleni, miaka miwili hadi mitatu na nusu kutegemea fani. Sheria yao ya msingi ni ya 1969. Mtihani wa mwisho hauachiwi shule peke yake, kamati inakuwa na waajiri, wawakilishi wa wafanyakazi na walimu. Uswisi vijana wapatao theluthi mbili wanapita njia ya namna hiyo. Ukimpelekea mwanagenzi wa kule swali lako la 14 atakuuliza, ajira ipi tena, na hii ninayotoka jioni ni nini?

Ila na huko hakujanyooka. Mwaka 2017 Hanushek na wenzake walichapisha uchambuzi wa nchi 11. Waliosoma ufundi wanawahi kupata kazi kuliko waliosoma elimu ya jumla. Umri ukisonga, ile faida inapungua, hata inageuka, na inageuka zaidi kwenye nchi hizohizo zenye uanagenzi mkubwa. Teknolojia inahama, na aliyefundwa jambo moja jembamba anapata shida kuhama nayo. Mnajaza visanduku mkiwa na miaka ishirini, mnajibu kuhusu kazi ya kwanza. Ya miaka hamsini hakuna anayewauliza.

Dada Plagi, ule mfano wako wa koili nitauiba nikafundishie.

Dada_Plagi

Iba mwalimu, ila uwaambie kichwa cha injini kilikuwa kizito na hakuna aliyenisaidia kukibeba.

Baridi_Kali

Mwalimu hapo kwenye hamsini umenigusa, ila kwangu haitafika hamsini, itafika mwakani.

Nasoma majokofu na viyoyozi. Mtungi tunaojifunzia ni R-22. Gesi hiyo inakula ozoni, iko kwenye orodha ya kuondolewa ya Mkataba wa Montreal wa 1987: nchi zilizoendelea mwisho ulikuwa 2020, zinazoendelea 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. Zilizokuja kuipokea, kama R-410A, ozoni haziigusi lakini zinaongeza joto la dunia, ndiyo maana nazo zimewekewa ratiba ya kupunguzwa kwenye Marekebisho ya Kigali ya 2016. Sasa friji zinakuja na R-600a, viyoyozi na R-32, vingine R-290.

R-290 ni propani. Inashika moto. Fundi aliyelelewa kwenye R-22 amezoea kukata bomba na kuwasha tochi ya kulehemu palepale, gesi iliyobaki ikijipitia puani. Mkono huohuo, zoea hilohilo, kwenye R-290 ni mlipuko.

Simlaumu mkufunzi, alinifundisha kuvuta hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza gesi na hilo halizeeki. Sidai chuo kininunulie kila mtungi uliopo sokoni. Nilitaka mtu mmoja tu asimame aseme: hiki mnachojifunza kina tarehe ya mwisho. Nimekuja kukijua kwa kusoma stika nyuma ya friji ya mtu, yenye alama ya mwali wa moto, nikiwa nimeshashika tochi.

Kisanduku_Tupu

Duh.

Mkandarasi_Mdogo

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi ndiye yule anayeandika "uzoefu usiopungua miaka miwili" kwenye tangazo. Nitukaneni kwanza, nasubiri.

Haya. Mtu asiyejua simwogopi, naajiri wasiojua kila mara. Ninayemwogopa ni yule ambaye kosa lake litaonekana mimi nikiwa nimeshaondoka na ukuta umeshapakwa rangi. Miaka miwili ninayoandika kwenye tangazo maana yake natafuta mtu ambaye makosa yake ya mwanzo ameyafanyia kwa mwingine. Si haki, najua. Kila mmoja wetu anamsubiri jirani amlee fundi, halafu tunashangaa mafundi hawapo.

Nyutro, yule mzee aliyekushika mkono. Umewahi kujiuliza alipoteza nini? Dakika zote alizosimama na wewe, soketi zake hazijafungwa, na jioni msimamizi anahesabu soketi. Hakuna anayehesabu mwanafunzi. Ndiyo maana wiki sita ulibeba ngazi. Hawakukuchukia, ila hakuna fundi aliyepewa muda wa kukaa na wewe, na kubeba ngazi ndiyo kazi pekee isiyohitaji mtu wa kukuangalia.

La pili, na hili ni la vyuo. Wengi ninaowapima kufunga wanafunga vizuri, tena kwa usafi. Nikiwapa mchoro wa nyumba ya vyumba vinne nikasema niandikie orodha ya vifaa, waya wa unene wa 1.5 mita ngapi, wa 2.5 mita ngapi, masanduku mangapi, siku ngapi, wanatazama dari. Mmoja alikuwa mzuri sana wa mikono. Akapima mchoro kwa rula, akazidisha kwa skeli, akajumlisha, akaniletea karatasi safi. Siku ya tatu waya umekwisha na nyumba haijafika nusu. Alihesabu urefu wa sakafuni. Alisahau kwamba waya unapanda ukutani hadi darini, unakwenda, kisha unashuka tena kwenye kila swichi na kila soketi.

Nyutro (mwanzisha uzi)

Mkuu hilo la kupanda na kushuka limenichoma. Nimechukua mchoro wetu wa zoezi usiku huu nikahesabu. Ningekosea vilevile. Miaka yote hii hatujawahi kuambiwa tukadirie vifaa, vifaa vinakuja vimeshahesabiwa kwenye trei.

Na la yule mzee sikuwahi kuliwaza. Nilidhani alikuwa mtu mwema tu.

Mtaani_Nimehitimu

Nyie wenzetu mna swali la 14. Sisi dodoso halitufikii kabisa.

Mimi mabomba, mwaka wa kumi na moja, chuo sijakanyaga. Nimeanza nikiwa mtoto wa kutumwa spana. Kila msimu naletewa wanafunzi wa mafunzo kazini. Nawaonyesha namna ya kuipa bomba la maji machafu mteremko: ukilaza sana uchafu unakaa, ukiinamisha sana maji yanakimbia yanauacha uchafu nyuma. Wanaandika kwenye ripoti zao, wanapata alama. Baadaye yuleyule niliyemwonyesha anaitwa usaili, mimi naambiwa nimpelekee vifaa.

Najua kuna utaratibu wa kupimwa ujuzi ulioupatia kazini ukapewa cheti. Nilikwenda. Nilibeba na zana zangu kwenye begi, nikijua nitafunga kitu mbele yao. Nikapewa karatasi ya kuandika, kurasa sita. Begi sikulifungua.

Nikikutana na huyo wa dodoso nitamwomba moja la ziada, hata nijaze kwa penseli.

Ubao_Mweusi

Ndugu, Uingereza iliwahi kuwa na sheria, ya mwaka 1563, iliyotaka miaka saba ya uanagenzi kabla mtu hajaruhusiwa kufanya kazi ya ufundi kwa jina lake. Kipengele hicho kilifutwa 1814. Kwa sheria ile ungekuwa umeshahitimu mara moja na nusu. Kurasa sita ni aibu yetu sisi wa vyumba vya mitihani. Ujuzi wa mikono unapimwa mikono ikiwa inafanya kazi.

Mkandarasi, nawe nikujibu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2023 Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi wenye ubora: makubaliano ya maandishi, malipo au fidia inayostahili, usalama kazini, mafunzo yanayofanyika kazini na nje ya kazi. Ni pendekezo, halimfungi mtu kama mkataba unavyofunga. Lakini limeandika wazi kwamba mwanagenzi ni mtu aliyekuja kujifunza, na hilo kwa maeneo mengi bado ni habari mpya.

Dada_Plagi

Swali kwa Mkandarasi. Tuseme nusu siku ya fundi wako inalipiwa, akae na mwanafunzi asihesabiwe soketi. Unachukua wangapi?

Mkandarasi_Mdogo

Wawili, kesho asubuhi. Inalipiwa na nani?

Dada_Plagi

Hapo ndipo nami nilikuwa nangoja uniambie.

DigriiMkononi

Niulize jambo bila kejeli. Mtu mwenye miaka 26 na digrii ya utawala anaweza kuanza kozi fupi ya umeme? Mkandarasi amesema anakosa watu wa kukadiria vifaa. Makadirio mimi naweza, ni jedwali tu. Kufunga ndiyo sijui.

Mkandarasi_Mdogo

Si jedwali tu, kijana. Jedwali linajazwa na aliyewahi kupanda ngazi akaishiwa waya juu. Lakini ndiyo, njoo ujifunze kufunga, halafu tuongee. Umri huo si kitu.

Cheche

DigriiMkononi, yale ya juu nayafuta. Nenda. Ukifika wiki ya ngazi usikimbie.

Ubao_Mweusi

Nyutro, kwa kuwa umeniuliza pembeni, jibu langu niliweke hapa. Swali lenu la 14 limebeba mizigo minne kwa neno moja. Ningelivunja: Je, umefanya kazi hii kwa mkono wako mara za kutosha hata ukikosea unajua umekosea wapi? Je, kuna mtu kazini aliyepewa muda wa kukusimamia? Je, unajua kinachobadilika katika fani yako? Je, unamjua mtu mmoja anayeweza kukuajiri, naye anakujua? Mwanafunzi akijibu "ndiyo, hapana, hapana, hapana", chuo kinajua kianzie wapi. Akiweka "sina uhakika", kinajua nini? Asilimia tu ya kuweka kwenye ripoti.

Nyutro (mwanzisha uzi)

Wakuu nimerudi, mrejesho mfupi.

Dodoso nimelirudisha leo. Swali la 14 sikuweka vema. Nilichora mshale kwenda nyuma ya karatasi, nikaandika yale manne ya mwalimu na majibu yangu chini yake. La kwanza niliandika ndiyo kwa saketi, hapana kwa makadirio. La pili niliandika ndiyo, kwa siku moja. Nikaongeza la Mtaani, la kurasa sita, ingawa si fani yangu.

Mratibu akalipokea, akaligeuza, akasoma amesimama. Akasema visanduku ndivyo vinavyoingizwa kwenye kompyuta, maandishi ya nyuma hayana mahali pa kuingia. Nikamwambia najua. Akasoma tena, kisha hakuliweka kwenye rundo la wenzake, akaliweka pembeni chini ya stepla. Sijui maana yake nini. Inawezekana ni la kutupwa.

Kuhusu yule mzee: nilimpigia simu jana kumshukuru, safari hii nikijua namshukuru kwa nini. Akauliza kama nimenunua testa yangu mwenyewe. Nikamwambia bado. Akakata.

Na DigriiMkononi, ulisema ni maswali ya kufarijiana. Swali la 15 lilikuwa: "Ningemshauri mdogo wangu asome elimu ya ufundi." Hilo nililijaza. Nakubali. Kisanduku cha "sana" nilikipita.